Sanduku la Pombe na Mti wa Mama Gitina

Nawatwika mzigo. Upokeeni kwa mikono miwili, una pembe, na mimi mwenyewe umenishinda kuutua. Na ukiona umenishinda mimi Chande, dereva wa njia za vumbi na mpishi wa porini kwa mpigo, niliyeishia darasa la tano nikaja kumfundisha kazi kijana mwenye digrii ya utalii, basi ujue si mzigo wa kuchezea.

Watu ni watatu, na kila mmoja ana alichojaliwa.

Wa kwanza ni mimi, na nilichojaliwa ni ulimi. Sisemi wa maneno, ingawa na huo ninao. Nasema ulimi wa kuonja. Nipe mchuzi nitakwambia chumvi yake imetoka ziwani au dukani. Nipe maji ya kisima nitakwambia ndoo ilikuwa ya bati au ya plastiki. Kule kwetu Kondoa walikuwa wananiita kwenye harusi nionje pilau kabla ya bwana harusi, na kama uongo nife.

Wa pili ni Maroba, mwenyeji wa Bonde la Gidaru, aliyejaliwa miguu na kumbukumbu. Ukimtuma mlimani kuchukua maneno mia, atapanda kama mbuzi na kushuka nayo yote mia, hata kikohozi cha msemaji atakuletea. Kusoma hajui, na hakuna karatasi iliyowahi kumshinda.

Wa tatu ni Dafrosa, mkwe wa Mama Gitina. Huyo kajaliwa neno. Akisema ndiyo, ni ndiyo hadi mvua nyingine. Akisema hapana, nenda kalale. Kwa ajili hiyo watu wa bonde walimpa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeaminiwa nayo: kulinda pombe ya wapita njia.

Hapo lazima nieleze, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Gidaru ni ardhi ya watu wa upinde na asali. Wana hati yao ya serikali, na mgeni hapiti bila kibali. Ukitaka kufika ziwani unalikata bonde kwa siku mbili, unapiga hema pale walipokuonyesha, kisimani, si kwingine. Zamani wafanyabiashara walikuwa wanaingia na madumu ya gongo, wanatoka na asali. Siku moja wakatoka na ardhi. Walimlewesha mume wa Mama Gitina, wakamshika dole gumba, wakaligandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Asubuhi mzee akaamka, theluthi ya bonde si yao tena. Alikufa mwaka uleule kwa fedheha.

Mama Gitina hakulia sana. Alianza kutembea kibanda hadi kibanda. Kule hakuna mtu anayemwamrisha mwenzake, sheria haiwi sheria mpaka kila mtu mzima aitamke kwa kinywa chake. Alitembea miaka miwili. Alipomaliza, bonde zima lilikuwa na sheria moja, na Dafrosa ndiye aliyetusomea pale lango la kaskazini siku ninayoisimulia.

"Pombe inapita, haishuki," alisema. "Haifunguliwi, haigawiwi, haimwagwi hata chini. Anayeifungua anaondoka bondeni. Mgeni harudi tena. Mwenyeji anakaa nje mvua hadi mvua. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama," akajibu mgeni wangu. Alikuwa mmoja tu safari ile, Profesa Rwegoshora, Mhaya mstaafu anayefuatilia ndege kwa darubini yake. Alikuwa anakwenda kutimiza miaka sabini kule ziwani, marafiki wanamsubiri.

"Una nini cha kulewesha?"

"Chupa nne za pombe kali."

"Nne, au nne na nyingine ya mfukoni?"

Profesa akacheka, akapapasa koti, akatoa kichupa kidogo cha bati. "Mama, wewe ungekuwa forodhani nchi ingekuwa tajiri."

Dafrosa hakucheka. Alizipanga zote kwenye sanduku la bati, akalizungushia kamba ya katani, akapiga fundo. Juu ya fundo akabandika donge la nta ya nyuki iliyolainishwa juani, akaligandamiza kwa dole gumba lake. Dole lile lina kovu lililolikata katikati, kwa hiyo alama yake haifanani na ya mtu yeyote duniani. Huo ndio muhuri. Akapanda garini, akakaa juu ya sanduku. Maroba akapanda mbele anionyeshe njia. Tukaondoka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo, na mimi si mtu wa kuficha aibu, naieleza hata isipoulizwa.

Njiani dumu langu la maji ya rejeta lilipasuka. Si maji ya kisima, ni ile dawa ya rangi ya kupoza injini, mafundi wanaiita kulanti. Yangu ilikuwa ya rangi ya asali. Nilikuwa na chupa tupu ya asali, nikamimina humo nisiipoteze, nikaiweka kwenye kreti ya jikoni karibu na mafuta ya kupikia. Nikasema nitaihamisha tukifika. Tukafika kisimani, nikapiga mahema, nikakoka moto, nikasahau. Nikaenda kuteka maji.

Sasa jueni desturi moja ya Gidaru. Mtu akifika kambini, anakunywa asali ya kambi bila kuomba. Kuomba ni tusi, ni kama kusema wenye kambi wachoyo. Na asali wanayoipenda kuliko zote ni ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo si nzito kama hii ya kwenu ya dukani. Ile ni nyepesi, inamiminika kama chai.

Nilipokuwa kisimani, Mama Gitina alikuja kutukagua, kama anavyokagua kila kambi. Profesa alikuwa amelala usingizi wa mchana hemani. Maroba na Dafrosa walikuwa wanaokota kuni. Mama akaona chupa, akajimiminia kwenye kibuyu chake, akanywa. Akajaza tena. Niliporudi na ndoo nilimkuta amekaa kwenye gogo, anapangusa midomo.

"Chande," akaniambia, "asali yako tamu, ila nyuki wako wamechoka. Haina ukali."

"Ni ya lango la kaskazini, Mama," nikajibu, maana nilikuwa nimenunua asali kweli asubuhi ile, na niliamini hiyo ndiyo aliyokunywa. Nikaendelea kumenya viazi. Jamani. Nilimenya viazi!

Haikupita saa nzima, Mama akainuka akafanya kama anataka kuondoka. Akapepesuka. Akashika tawi, tawi likamkosa. Akacheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, akaanza kusema na maneno yake yakawa yanateleza, ya nyuma yanayapita ya mbele.

Maroba alikuwa ameingia na mzigo wa kuni. Aliuachia ukaanguka wote miguuni pake.

"Amelewa," akasema. Kwanza polepole. Halafu kwa sauti iliyomtoa Profesa hemani bila viatu: "Mama Gitina amelewa!"

Nimeona gari likibebwa na mafuriko, nimeona simba kwenye mlango wa choo, lakini sijaona kitu kilichonikausha mate kama kile. Mwanamke aliyetembea miaka miwili kuifukuza pombe, anayumba mbele yetu mchana kweupe kwenye ardhi yake. Profesa alishika kichwa.  Dafrosa alikwenda garini, akapiga magoti mbele ya sanduku, akaliangalia fundo, akaliangalia dole lake, akaliangalia fundo tena.

"Nta nzima," akasema.

"Basi huyu Mrangi ameficha nyingine!" Maroba akanirukia, akanishika ukosi. "Umempa nini? Sema! Umempa nini mama yetu?"

"Niache, bwana wee! Ningekuwa na pombe ya siri ningekunywa mwenyewe!"

"Mnuse basi kinywa!" Profesa akapiga kelele. "Mnuseni!"

Nikainama nikamnusa. Hakuna harufu ya pombe. Hata chembe. Hapo ndipo nilipookota kibuyu chake, nikapitisha ncha ya ulimi ukingoni.

Kitamu. Lakini utamu usio na ua. Asali yoyote, hata ya nyuki wagonjwa, ina ua ndani yake. Huu ulikuwa utamu mtupu, na nyuma yake chuma. Nikatema, nikasukutua, nikatema tena. Ladha ile niliijua kwa sababu nimefyonza mpira wa rejeta maisha yangu yote. Nikakimbilia kreti. Chupa ya asali ya asubuhi imejaa, haijaguswa. Chupa niliyomimina kwa mkono wangu imebaki robo.

"Hajalewa," nikasema, na sauti haikuwa yangu. "Amekunywa sumu. Ni yangu. Niliiweka mimi."

Bila ulimi wangu wangemlaza kivulini wasubiri ulevi umtoke, na angekufa kimya akisubiriwa. Hilo ni kweli. Na bila mkono wangu asingekunywa. Hilo nalo ni kweli. Yawekeni yote mawili, tuendelee.

Pale kisimani simu haishiki. Inashika juu ya jabali tu, na mtu wa kawaida analipanda kwa saa nzima. Maroba aliniachia ukosi. Akamwambia Profesa amsomee maandishi ya kwenye dumu lililopasuka, yale ya kizungu marefu ya jina la dawa. Profesa akasoma mara moja. Maroba akayarudia bila kosa, akachukua simu, akaondoka. Sikumwona akipanda, niliona vumbi na mawe yakiporomoka.

Juu kule alimpata daktari wa hospitali ya misheni. Akamtajia jina la sumu kama lilivyoandikwa, kiasi alichokunywa mama, na muda uliopita. Daktari akampa maneno ya kushusha. Maroba akashuka, magoti yanavuja damu, na maharage niliyokuwa nimeinjika hayakuwa yameiva bado.

Lakini alipofika alinyamaza.

"Amesemaje?" Profesa akauliza.

Maroba akanywa maji.

"Maroba, daktari kasemaje?"

Akanywa tena. Akamtazama Mama aliyekuwa amelala mkekani anahema haraka kama aliyepanda yeye. Akamtazama Dafrosa. Mtu asiyesahau neno alikuwa analitafutia pa kuliweka. Baadaye alituambia kwamba yeye mwenyewe zamani alikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni, na sheria ile ndiyo iliyomsimamisha. Aliona akilitamka neno lile, watu watasema Maroba ameanza tena. Kimya chake kilidumu kiasi cha kuchemsha chai na kuinywa. Kwa mgonjwa wa sumu, huo ni muda mrefu mno. Mwishowe Dafrosa akamshika mabega.

"Sema hata kama litanichoma."

Ndipo akafungua kinywa, na alilishusha lote, mpaka pumzi za daktari.

"Kasema: mleteni sasa hivi, msisubiri kitu. Kasema sumu hii yenyewe haiui, inaua ikishageuka mwilini, inakwenda kukata figo. Kasema dawa yake tunayo hapa, lakini ninyi mko saa sita, na saa sita ni nyingi. Kasema kitu pekee kinachoizuia isigeuke njiani..."  "Kasema ni pombe. Pombe kali. Kwa vijiko, na maji, kwa kipimo nitakachokutajia, mpaka mfike mikononi mwangu."

Sote tukageuka tukalitazama sanduku. 

Kipimo alikitaja. Mimi sikitaji, maana najua kuna mjanja kati yenu atakwenda kujitibia nyumbani azikwe, halafu mseme Chande ndiye aliyemfundisha.

Tulimpakia Mama garini. Sanduku lilikuwa pale, miguuni pake. Na Mama, ambaye tulidhani hasikii, alikuwa amesikia. Akamshika Dafrosa mkono.

"Usifungue."

"Mama, daktari amesema."

"Usifungue, mwanangu. Niliwaambia watu wote. Mmoja mmoja. Nikinywa mimi, nani atabaki hajanywa?"

"Mama, utakufa."

"Mume wangu alikufa kwa chupa iliyofunguliwa. Niache nife kwa iliyofungwa."

Maneno yake yalikuwa yanateleza, lakini hayo yalitoka yamenyooka kama mshale. Je, alikuwa anasema yeye, au sumu? Mimi sijui. Profesa mwenye vitabu vyake alisema hajui.

Dafrosa alikaa akiitazama nta. Mwanamke ambaye ndiyo yake ni ndiyo. Alikuwa ameapa mara mbili: mbele ya bonde zima kwamba muhuri wake hautavunjika, na mbele ya mumewe kwamba atamtunza mama yake. Sikuwahi kudhani viapo viwili vinaweza kutazamana jicho kwa jicho namna ile.

"Usinisamehe, Mama," akasema.

Akaweka dole gumba juu ya alama ya dole gumba, akaibandua nta kwa ukucha wake mwenyewe. Ilitoka nzima. Akaikata kamba kwa meno. Mama alifumba midomo, Dafrosa akamfumbua kama mtoto anayekataa dawa ya minyoo, huku yeye machozi yanamdondokea mgonjwa usoni. Nikakanyaga mafuta. Profesa alishika saa, akawa anasema, "Sasa," na Dafrosa ananywesha, "Sasa," na Dafrosa ananywesha. Tulitoka bonde lile, sheria imevunjika vipande vipande kiti cha nyuma, na aliyeivunja ndiye mlinzi wake, na aliyenyweshwa ndiye mama yake.

Daktari alimpokea yuko hai. Alikaa wodini siku kumi na moja. Daktari alisema bila vile vijiko tungemletea maiti inayopumua. Alisema pia kwamba kama vingeanza mapema kidogo, figo zisingeumia. Maroba alikuwa amesimama pale mlangoni. Alisikia, akatoka nje.

Mama aliporudi bondeni, watu walikusanyika. Dafrosa hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshafunga mzigo. Sheria ni sheria, akasema, mvua hadi mvua nitakuwa nje. Wakamwacha aende, na hakuna aliyemtupia neno baya, wala hakuna aliyemzuia. Mimi nilidhani nami nitafukuzwa, lakini sikuwa nimefungua pombe. Kuhusu mtu anayetia sumu kwenye chupa ya asali hawakuwa na sheria. Hawakuwahi kufikiri kama kuna mpumbavu wa namna hiyo.

Kabla Dafrosa hajaondoka, Mama Gitina akasimama. Alisema ana kitu kimoja cha thamani duniani, mti wa nyuki wadogo alioachiwa na mumewe, unaotoa asali kila mwaka. Na desturi yao inasema aliyerudishwa kutoka kaburini humpa aliyemrudisha kitu chake cha thamani. Kwa mtu mmoja. Kitu hakikatwi vipande.

Watu wakaanza kusema, na huko hawasemi kwa zamu.

"Mpe Chande," akasema mzee mmoja. "Asingeonja, wote wangebaki kumcheka mlevi."

"Ampe aliyemlisha sumu!" mwingine akadakia. "Basi kesho na mimi namsukuma mtu kisimani, nimwokoe, nipewe mti!"

"Maroba ndiye. Nani mwingine angelipanda jabali na jina lile kichwani?"

"Alipanda mbio akashukia ukimya. Figo zile nani atazilipa?"

"Dafrosa basi. Yeye ndiye aliyemtia dawa kinywani."

"Kinywa kilichosema usifungue! Na sheria tuliyoitamka sote! Tumfukuze kwa mkono huu, tumzawadie kwa mkono huu, kwa tendo lilelile?"

Ikawa hivyo mpaka sauti zikakauka. Ndipo wakamgeukia Mama mwenyewe. Akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja, muda mrefu.

"Mimi siwezi," akasema. "Chande namdai. Maroba namwonea huruma. Na Dafrosa..." Akamtazama mkwewe na mzigo wake. "Dafrosa kila asubuhi ninapoamka namshukuru, na kila jioni namkasirikia. Mwamuzi wa namna hiyo hafai. Nendeni mkaulize watu wasiotujua."

Ndiyo maana niko hapa. Msimu wa pili huu, hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mti ule. Asali inachuruzika kwenye gome, sisimizi wanakula. Nimewauliza wenye maduka, mapadri, mashehe, na hakimu mmoja wa mahakama ya mwanzo aliyeniambia nirudi Jumatatu. Mimi nina jibu langu, lakini mkinisikia mtasema Chande anajipendelea, kwa hiyo leo tu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nanyamaza.

Sasa sema wewe. Aliyeijua sumu aliyoiweka mwenyewe, aliyeishusha dawa akaichelewesha mdomoni, au aliyevunja neno lake na la mgonjwa: mti wa Mama Gitina ungempa nani?